Kutoka Mpakani mwa Hifadhi Hadi Meza ya Sera: Namna ya Kuanza Kazi ya Uhifadhi wa Wanyamapori Tanzania

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Shikamoo kaka, napenda sana wanyama, nianzie wapi?" "Nina shahada ya wanyamapori, mwaka wa tatu huu nipo nyumbani, nifanyeje?" "Sitaki kuishia kwenye doria tu, nataka siku moja nikae wanapotunga sera. Nisome nini?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka mingi na majibu ni yale yale, basi nayaweka hapa yote kwa pamoja.

Nazungumzia Tanzania kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi. Uliye Kenya utakuta milango ina majina mengine, KWS badala ya TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, chuo cha Naivasha badala ya Mweka, lakini mwendo unafanana.

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujaingia kwenye hatua. Wanyama hawahudhurii vikao. Wanaohudhuria ni watu: mkulima aliyeliwa mahindi, mfugaji anayetafuta malisho, mwenye kambi ya watalii, diwani, mwanasheria wa wizara. Ukitaka kuongoza uhifadhi, kazi yako kubwa ni hao. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote humu ni ile ya kijijini.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA, vyote vikiwa na majina yanayofanana herufi kwa herufi. Hili si dogo. Mimi niliwahi kuondolewa mlangoni mwa chumba cha usaili kwa sababu jina la baba lilikuwa na "i" ya mwisho kwenye cheti kimoja na halikuwa nayo kwenye kingine. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kwa basi. Vikague vyeti vyako leo, na kama kuna tofauti muone wakili akuandalie hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema.
- Ufaulu wa masomo yasiyopungua manne kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingia ngazi ya astashahada. Biolojia, Jiografia na Kemia zitakufungulia kozi nyingi zaidi.
- Miguu yenye mazoezi. Anza kutembea kilomita kumi mara mbili kwa wiki, ukiwa na mzigo mgongoni.
- Daftari gumu, kalamu mbili, na simu yenye GPS.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa wako. Iombe sasa, usisubiri siku utakapoihitaji.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Watu husema "kazi ya wanyamapori" kama vile ni kazi moja. Milango ni minne.

Wa kwanza ni ulinzi: doria, kukabili ujangili, kudhibiti wanyama wakali na waharibifu. Wa pili ni sayansi: kuhesabu wanyama, magonjwa, mienendo yao, TAWIRI iliyoko Arusha ndiyo taasisi ya taifa ya utafiti huu. Wa tatu ni jamii: ujirani mwema, jumuiya za hifadhi za wanyamapori ambazo wengi wetu tunaziita WMA, mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Wa nne ni sheria, uchumi na sera.

Mlango wowote unaweza kukufikisha kwenye uongozi, ila anayetaka sera namshauri apitie wa tatu hata kama moyo wake uko kwenye wa nne. Nimekaa vikao vingi ambamo mtu mwenye shahada mbili aliulizwa, "Hapo unaposema watu wahame malisho, umewahi kulala?" na hakuwa na jibu.

Hatua ya 2: Chagua chuo kulingana na mlango

- Pasiansi, Mwanza: askari wa wanyamapori, ngazi ya cheti. Ukitaka ulinzi, anzia hapa.
- Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, Ruvuma: hufunza askari wa wanyamapori wa vijiji, wale tunaowaita VGS. Wengi hupelekwa na vijiji vyao au na WMA.
- Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro karibu na Moshi: kilianzishwa 1963, kina ngazi kuanzia cheti hadi shahada na zaidi, na wanafunzi hukaa porini kwa muda wa kutosha.
- SUA, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: shahada za wanyamapori. SUA pia ina misitu, fani ambayo vijana huisahau ilhali TFS, wakala wa misitu, nayo huajiri.
- Olmotonyi, Arusha: misitu, cheti na stashahada.

Kwa astashahada na stashahada utaratibu uko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa shahada uko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Hakikisha kozi imesajiliwa kabla hujalipa hata shilingi. Ukiwa shahada ya kwanza, omba mkopo wa HESLB mara dirisha linapofunguliwa.

Kama umesoma sheria, uchumi, takwimu au uandishi wa habari, hujapotea njia. Wanasheria wanaojua wanyamapori ni wachache mno. Usirudi nyuma kuanza cheti cha wanyamapori. Nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Anza kazi kijijini kabla hujaajiriwa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanamaliza chuo, wanakaa nyumbani kusubiri tangazo. Wewe usisubiri. Chagua kijiji kimoja kinachopakana na hifadhi, pori la akiba au ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, kilicho karibu na kwenu au chenye ndugu wa kukupokea. Mfano mzuri wa mahali pa kujifunzia ni Kwakuchinja, barabara ya Arusha kwenda Babati, ambako wanyama hupita kati ya Tarangire na Manyara huku lori zikipita na mashamba yakiongezeka pande zote.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na barua yako, kisha kwa mwenyekiti. Sema unachotaka kwa sentensi moja: "Nimekuja kujitolea na kujifunza kwa miezi mitatu." Usiahidi mradi. Usitaje fedha.
2. Muone afisa wanyamapori wa wilaya. Wazee bado wanamwita bwana nyama. Mara nyingi ana wilaya nzima, pikipiki moja na mafuta ya kubahatisha. Msaidizi anayejua kuandika ripoti ni faraja kubwa kwake.
3. Omba kufuatana na VGS wanapoitwa kwenye uharibifu.

Nikueleze siku moja ya kazi hiyo inavyokuwa. Unafika shambani saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Nyayo za tembo zimezama kwenye udongo laini, pana kama sinia, na ndani ya kila moja kuna mabua yaliyolazwa. Mwenye shamba ni mama wa makamo. Ameshika hindi lililokuwa bado na maziwa, analizungusha mkononi bila kusema kitu. Usimfundishe uhifadhi saa hiyo. Sema, "Pole sana mama." Kisha uliza ruhusa ya kuzunguka shamba.

Zunguka ukingo wa sehemu iliyoharibiwa huku simu ikirekodi njia, ili upate eneo lake. Andika zao, umri wake, tembo waliofika saa ngapi na wangapi, walitokea upande gani, na shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi. Umbali huo una uzito, kwa sababu kanuni za kifuta jasho, ambayo ni malipo ya mazao yaliyoharibiwa, zinauangalia. Aliyeumizwa, au familia iliyofiwa, hulipwa kifuta machozi, nacho kina fomu na ushahidi wake. Piga picha yenye kitu cha kulinganisha ukubwa, hata ufunguo. Msaidie mama kupeleka taarifa kwa mtendaji siku hiyo hiyo, maana taarifa iliyochelewa ndiyo inayokwama. Halafu, na hili ndilo litakalokutofautisha na wageni wengine wote, rudi baada ya wiki mbili kumwambia fomu yake imefika wapi.

Jifunze pia mbinu za kuzuia, kwa mikono yako. Uzio wa pilipili: vitambaa vinalowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili iliyosagwa, vinafungwa kwenye kamba kuzunguka shamba. Uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga inatundikwa kwenye waya mmoja, karibu kila mita kumi, tembo akiugusa waya mizinga yote inatikisika. Ukiwa umepaka oili ile mwenyewe utagundua jambo ambalo halimo kwenye mabango ya miradi: mvua kubwa ikinyesha, pilipili inaoshwa, na mtu lazima apake upya. Nani atapaka? Nani atanunua oili msimu wa pili, mfadhili akishaondoka? Hilo ni swali la sera, na umelipata ukiwa na mikono michafu.

Andika kila kitu kwenye daftari, kila jioni, na tarehe. Baada ya miezi mitatu utakuwa na hazina ambayo wengi wenye shahada hawana.

Hatua ya 4: Soma sheria ukiwa umesimama kwenye ardhi

Usisome sheria kama unakariri mtihani. Anza na hizi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sheria ya Misitu ya 2002, na Sera ya Wanyamapori, ile ya 1998 iliyorekebishwa 2007. Ongeza Kanuni za Shoroba za 2018. Tafuta toleo lenye marekebisho ya karibuni.

Chukua kifungu kimoja uende nacho nje. Sheria ya Mazingira, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nenda kwenye mto wa kijijini kwenu na kamba ya mita 20, ipime mara tatu. Tazama kilichomo ndani ya hizo mita: bustani ya mchicha, tanuri la matofali, labda choo cha shule. Waulize wenye bustani wana miaka mingapi hapo na wangehamia wapi. Jioni hiyo utajua kwa nini kifungu kimeandikwa na kwa nini hakitekelezwi. Rudia zoezi hilo kwa vifungu kumi na utaanza kusikilizwa.

Hatua ya 5: Jifunze kuandika kurasa mbili

Viongozi hawasomi kurasa arobaini. Muhtasari wa sera una mambo matano: tatizo kwa aya moja, ushahidi wenye namba, chaguo mbili au tatu, gharama na nani anaibeba, na unachopendekeza. Kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu madiwani na wenyeviti wa vijiji ndio wasomaji wako wa mwanzo. Kiingereza utakihitaji baadaye.

Namba ni muhimu, lakini ziwe namba unazoweza kueleza zimepatikanaje. Sensa ya tembo ndiyo iliyoonyesha kwamba Tanzania ilishuka kutoka tembo takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014. Minong'ono kuhusu ujangili ilikuwepo muda mrefu. Idadi iliyohesabiwa kwa ndege, kwa mbinu inayojulikana, ndiyo isiyoweza kukanushwa kwa maneno tu. Jifunze kutumia QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo haiuzwi, na misingi ya takwimu. Ramani moja safi inayoonyesha mashamba yaliyoliwa na njia za tembo hufanya kazi ya kurasa kumi.

Hatua ya 6: Ingia kwenye ajira

Fungua akaunti ya Ajira Portal, jaza kila sehemu, pakia vyeti vinavyosomeka. TANAPA, Ngorongoro, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) na TFS zinafanya kazi kwa mfumo wa jeshi usu. Maana yake, hata mhasibu au mwanasheria anaweza kupitia mafunzo ya kijeshi na kuvaa sare, na matangazo mengi ya askari huweka masharti ya umri, afya, na mara nyingi JKT. Kama unaipata nafasi ya JKT, iendee.

Usiishie kwenye taasisi hizo. Halmashauri huajiri maofisa wanyamapori, misitu na mazingira. WMA huajiri makatibu na wahasibu. Kampuni za utalii zinahitaji watu wa mahusiano na vijiji. Wataalamu wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira huhitaji wasaidizi wa kukusanya taarifa. Na wenye wazo dogo la utafiti au uhifadhi wanaweza kuomba ruzuku za Rufford Foundation, ambazo zimewekwa kwa ajili ya wanaoanza.

Hatua ya 7: Panda ngazi za sera moja moja

Watu wanadhani sera huanzia Dodoma. Anzia kijijini. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, ikajadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sheria ndogo ya kulinda chanzo cha maji au njia ya wanyama ni sera kamili: ina wahusika, adhabu, gharama, na wapinzani. Saidia kuandika moja hadi ipite. Utajifunza kusubiri, kusikiliza wazee, na kuandika muhtasari wa kikao ambao hakuna atakayeukana.

Kutoka hapo nenda kwenye baraza la madiwani, ukae upande wa wasikilizaji. Baadaye fuatilia miswada. Muswada ukipelekwa kwenye kamati ya Bunge, wadau huitwa kutoa maoni, na maoni ya maandishi hupokelewa. Andika yako. Fuatilia pia hotuba ya bajeti ya Maliasili na Utalii kila mwaka, kwa sababu sera isiyo na fungu haitembei.

Juu zaidi ni mikataba ya kimataifa: CITES kuhusu biashara ya wanyama na mimea, Mkataba wa Bioanuai na malengo yaliyopitishwa Montreal 2022, likiwemo la kuhifadhi asilimia 30 ya ardhi na bahari ifikapo 2030. Hilo linapojadiliwa, mtu wa Afrika Mashariki anatakiwa aweze kuuliza: asilimia hiyo inatoka kwenye ardhi ya nani?

Ukihitaji mfano, mtazame Wangari Maathai wa Kenya. Alikuwa mwanasayansi, akafundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, wanawake wakiotesha miche. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua, moja baada ya nyingine, kwa kila aliyehusika. Jengo halikujengwa. Alikuja kuwa waziri msaidizi wa mazingira 2003 na kupata Nobeli ya Amani 2004. Miche ilitangulia wizara kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hatua ya 8: Shahada ya pili, ila si mara moja

Fanya kazi kwanza. Chevening, ufadhili wa masomo wa Uingereza, kwa mfano, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Cambridge ina shahada ya uzamili ya uongozi wa uhifadhi. Insha za maombi huko huuliza umeongoza nini, na hapo ndipo lile daftari la hatua ya 3 linapokulipa.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kulipa "mtu wa ndani". Kuomba kazi serikalini hakuna ada, na anayekuomba fedha ya "kusukuma faili" ni tapeli. Nimewaona wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili ya nafasi ambayo haikuwepo.

Kupiga picha ukiwa na mnyama aliyeshikwa, kisha kuzisambaza. Kumiliki au kuhifadhi mnyamapori, au nyara, hata pembe au ngozi uliyookota, bila kibali ni kosa la jinai. Usiichukue, toa taarifa.

Kuingia kijijini na kamera kabla ya salamu. Pia kutangaza mitandaoni mahali halisi walipo faru au tembo wenye pembe kubwa.

Kudharau wafugaji. Wapo wanaoishi na simba tangu kabla hatujazaliwa, na hujua mambo ambayo kamera za kutegea hazionyeshi.

Ukikwama

*Nimeomba mara tano, sijaitwa usaili.* Kagua majina kwenye vyeti, kisha linganisha sifa za tangazo na zako neno kwa neno. Kozi yako ikiwa na jina tofauti kidogo na lililotajwa, mfumo unaweza kukuacha. Rudi hatua ya 3 wakati unasubiri.

*Naitwa usaili, nafeli mchujo wa kuandika.* Mara nyingi ni sheria na muundo wa taasisi. Soma sheria iliyoanzisha taasisi husika, majukumu yake, na maeneo inayosimamia.

*Mimi ni msichana, nyumbani hawataki niende porini.* Mpeleke mzazi aongee na mwanamke aliye kazini; wapo kwenye doria, maabara na ofisi za wilaya. Maneno ya mama mwenzake yatafika mbali kuliko yangu.

*Kijiji kimenikataa.* Huenda mradi uliopita uliwaumiza, au wana mgogoro wa mpaka. Usilazimishe. Omba kuhudhuria mkutano mmoja tu kama msikilizaji, kaa nyuma, usiandike mpaka uruhusiwe. Wakikataa tena, nenda kijiji cha jirani.

*Sina fedha ya kujitolea mbali.* Tafuta mto, msitu wa kijiji au bwawa lililo karibu nawe. Kamba ya mita 20 inauzwa dukani.

*Nimeajiriwa, lakini nimewekwa getini kukata tiketi.* Geti ni mahali pa takwimu. Andika wageni wanatoka wapi, wanalalamikia nini, magari ya vijiji yanazuiwa saa ngapi na kwa sababu gani. Baada ya miezi sita andika kurasa mbili umpelekee mkuu wako, ukianza na jambo moja ambalo yeye mwenyewe ana mamlaka ya kulibadilisha.